Winning, Maneti na Timu 18 Zisizo na Jina

Mtaje Adriano mbele ya mwanamume wa Gisenyi aliyepita miaka 30. Hatakuuliza Adriano yupi. Atashika kichwa na kuanza kulalamika kama aliyefungwa jana: mguu wa kushoto, mita 35, kipa amesimama kama mlingoti, wavu umechanika. Hasemi habari za mechi ya Inter aliyoitazama kwenye televisheni. Anasema habari za benchi la mbao, chumba chenye joto na mashine nyeusi iliyokuwa ikivuma sakafuni.

Mashine hiyo, PlayStation 2, ilianza kuuzwa Japani tarehe 4 Machi 2000 kwa yeni 39,800, na mwaka 2025 ikatimiza robo karne. Hakuna mashine ya gemu ya kuweka sebuleni iliyowahi kuuzwa kwa wingi kuliko hiyo. Sony yenyewe inataja zaidi ya milioni 160. Hesabu hiyo, hata hivyo, ni ya mashine zilizotoka dukani. Haisemi kitu juu ya watu waliokaa mbele ya kila mashine. Huko Ulaya mashine ilikuwa mali ya mtoto mmoja chumbani kwake. Huku kwetu mashine moja, ikiwekwa kwenye banda la kulipia, ililea mtaa.

Gisenyi, makao ya wilaya ya Rubavu, iko mahali pa pekee kwa biashara ya namna hii. Mji umeshikana shavu kwa shavu na Goma. Kati yao kuna mpaka, na kwenye mpaka kuna Petite Barrière, kivuko ambacho kabla ya Korona kilikuwa kikipitisha makumi ya maelfu ya watu kila siku, wengi wao kwa miguu. Nyanya, unga, vitenge, simu, vipuri: vyote vimepita hapo, vingine mikononi, vingine kichwani. Lugha ya kupatana bei ni Kiswahili, na kilikuwa hivyo muda mrefu kabla ya Rwanda kukifanya lugha rasmi mwaka 2017. Ndiyo maana hata msamiati wa gemu ulivuka pande zote mbili. Kifaa cha kuchezea ambacho Mtanzania hukiita pedi, hapa ni maneti, Kifaransa kilichopigwa msasa mpakani.

Michezo yenyewe ilikuwa mingi. Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004, iliyouza nakala zaidi ya milioni 17 kwenye mashine hiyo peke yake, ilikuwa na wafuasi wenye madaftari, na madaftari hayo hayakuwa ya hesabu. Ndani yake mlikuwa na mistari kama huu: R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kisha vile vinne tena. Ukiibonyeza bila kukosea unapata afya kamili, fulana ya kuzuia risasi na dola 250,000. Palikuwa na God of War, Tekken 5, mieleka ya SmackDown na magari ya Need for Speed. Lakini San Andreas ni gemu ya mtu mmoja, na mtu mmoja hajazi banda. Banda hujazwa na mpira.

Na mpira ulikuwa Winning. Jina kamili la Kijapani ni World Soccer Winning Eleven, la kampuni ya Konami. Kuanzia 2001 Wazungu waliuziwa mchezo uleule kwa jina la Pro Evolution Soccer. Nakala za kuchoma zilitembea kwa majina yote mawili. Ile ya Kijapani ilikuja na sauti ya Jon Kabira, mtangazaji anayepaza goli kwa pumzi ndefu, na watoto wasiojua neno hata moja la Kijapani walimuiga vizuri tu. Ilikuja pia na kasoro yake: ikipachikwa kwenye televisheni kongwe isiyoelewa mfumo wa rangi wa Japani, picha hutoka nyeusi na nyeupe, na njano ya Brazil inakuwa kijivu kama ya kila mtu.

Sheria ya banda ilikuwa fupi. Anayefungwa anatoka, anayefunga anabaki na maneti, na anayefuata kwenye foleni hulipa. Sheria nyingine zilitungwa kadiri ugomvi ulivyozuka, na ugomvi mkubwa ulikuwa huyo Adriano Leite Ribeiro wa Inter. Katika toleo la sita, la mwaka 2006, Konami ilimpa nguvu ya shuti 99, alama ya mwisho kabisa. Mchezaji wa kawaida alihitaji pasi tano na krosi moja kupata goli. Mwenye Inter alihitaji kugeuka tu. Kumpiga marufuku Adriano lilikuwa jambo la kawaida kuanzia São Paulo hadi Manchester, na mabanda yetu nayo yalikuwa na marufuku yao. Wengine waliikataa Inter nzima. Wengine waliruhusu Adriano akae benchi, jambo lililoleta kesi mpya dakika ya 80.

Hata hivyo kisa kinachostahili kusimuliwa kwa urefu ni kile cha majina, na hakikuanzia Afrika. Kilianzia kwa mawakili.

Konami ilikuwa na mchezo mtamu, lakini haikuwa na karatasi. Leseni nyingi za ligi na vilabu zilikuwa kwa mpinzani wake, kampuni ya Kimarekani ya EA yenye mchezo wa FIFA. Basi Wajapani wakawa wanawavalisha watu vinyago. Beki wa kushoto wa Brazil, yule mwenye mapaja kama ya kuchongwa, aliwahi kuitwa Roberto Larcos. Katika Pro Evolution Soccer 2 timu nzima ya Uholanzi ilivuliwa majina ikabaki Oranges001, Oranges002, na kuendelea, kama wafungwa. EA nayo haikusalimika: mwaka 2003 kipa Oliver Kahn aliishtaki mahakamani Hamburg kwa kumtumia kwenye mchezo wa Kombe la Dunia la 2002 bila ridhaa yake, akashinda.

Kwa vilabu ilikuwa kichekesho zaidi. Liverpool ilikuwa Merseyside Red. Aston Villa ilikuwa West Midlands Village. Chelsea ilikuwa na jina lake katika toleo la tano, ikalipoteza katika la sita na kuwa London FC. Manchester United ikapata lake. Arsenal ilibaki Arsenal katika matoleo yote mawili, jezi, nembo na Thierry Henry mwenyewe. Leo, baada ya Rwanda kuandika jina lake kwenye mkono wa jezi ya Arsenal kuanzia 2018, kuna watu wanaodhani mapenzi ya Wanyarwanda kwa timu hiyo yalinunuliwa na mkataba. Wangepita mabandani mwaka 2006 wangeona mbegu ilipandwa na nani.

Kisha likaja pigo la Wajerumani. Konami ilipoteza haki ya Bundesliga kabla ya toleo la sita kutoka. Ligi nzima ikafutwa. Bayern Munich peke yake ikabaki. Lakini mahali pa ligi hiyo palikuwa pameshajengwa ndani ya mchezo, na badala ya kupabomoa Konami iliacha timu 18 zisizo na mwenyewe: Team A, Team B, hadi Team R. Wachezaji wa kubuni, jezi za kubuni. Kwa mnunuzi wa Berlin hilo lilikuwa tusi. Kwa mtu wa Rubavu lilikuwa kiwanja kisicho na hati.

Maana ndani ya mchezo mlikuwa na sehemu ya kuhariri. Mwenye memori kadi ya megabaiti 8 na subira ya usiku mmoja angeweza kuandika jina la timu, kuchagua rangi, kuchora nembo kwa vitone, kumpa kila mchezaji jina, urefu, nywele na mguu anaotumia. Team A ikawa Etincelles. Team B ikawa Marines, zote za hapahapa Rubavu. Zilizobaki ziligawiwa kulingana na mwenye kadi anakunywa maji ya upande gani wa mpaka: Rayon Sports na APR hapa, DC Virunga na Vita Club pale. Kubonyeza herufi moja moja kwa maneti ni kazi ya mtu mwenye mapenzi, au asiye na kazi nyingine.

Na palikuwa na sababu ya kufanya hivyo. Afrika ilikuwemo mchezoni kwa kubaguliwa: Cameroon ya Samuel Eto'o, Côte d'Ivoire ya Didier Drogba, Nigeria, Ghana. Amavubi wa Rwanda hawakuwemo. Leopards wa Kongo hawakuwemo. Nchi hizo mbili zilikuwa zimekutana kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Tunisia mwanzoni mwa 2004, Rwanda ikashinda 1–0 kwa goli la Said Makasi, mechi ambayo mpakani haihitaji kukumbushwa. Ndani ya mashine haikuwezekana kuirudia. Mkongomani aliyetaka kumchezesha wa nyumbani alimtafuta ughaibuni: Claude Makélélé, mzaliwa wa Kinshasa, akiwa na jezi ya Ufaransa, au Mkongomani mwenzake Shabani Nonda, mzaliwa wa Bujumbura aliyepitia Yanga ya Dar es Salaam, akawa mfungaji bora wa ligi ya Ufaransa msimu wa 2002–03 kwa magoli 26 akiwa Monaco. Nonda wa mchezoni hakusema, lakini ukimpa mpira ulijua huyu angekuelewa ukimwambia „piga".

Mafundi husimulia historia hiihii kwa njia nyingine kabisa. Kwao enzi ya PlayStation 2 ni historia ya lensi. Jicho la leza linalosoma diski huchoka, na nakala za kuchoma hulichosha haraka zaidi. Kwanza mashine inasitasita, kisha inasoma ikisimamishwa kwa ubavu, kisha inasoma ikigeuzwa kifudifudi, kisha haisomi. Fundi hufungua, hufuta kwa pamba, huzungusha kiskrubu kidogo kinachoongeza nguvu ya leza, na mashine hufufuka kwa miezi kadhaa kwa gharama ya kufa kabisa baadaye. Dawa ya kweli ilikuja baada ya 2008, programu iitwayo Free McBoot ilipowezesha memori kadi kuamuru mashine isome gemu kutoka kwenye flashi. Lensi ikastaafu. Tundu la USB la mashine hiyo ni la kizamani na linakwenda pole, kwa hiyo video za utangulizi hukwamakwama, lakini mpira unachezeka.

Hivyo ndivyo mashine ilivyoishi muda mrefu kuliko kiwanda chake. Sony ilisimamisha uzalishaji Januari 2013. Novemba mwaka huohuo Konami bado ilitoa Pro Evolution Soccer 2014 kwa ajili yake. Baada ya hapo simu zikameza kila kitu. Mwaka 2021 Konami ililitupa hata jina, ikaleta eFootball iliyozomewa dunia nzima siku ilipotoka.

Mashine zikifa zina pa kwenda: Rwanda ina kiwanda cha taka za kielektroniki Bugesera, na ni jambo la kujivunia. Lakini kitu kikishaitwa taka hakiulizwi kilibeba nini. Igisoro, bao la wazee, linaheshimiwa kama urithi, na ni haki yake. Memori kadi yenye Etincelles iliyochorwa kwa vitone usiku kucha inauzwa kwa uzito wa plastiki, na hakuna anayeona ajabu.

Mashine zilizosalia bado zinawaka. Nyingi zimekufa betri ya saa ndani, hivyo kila zikiwashwa husahau kila kitu na kuanza kwa kuuliza lugha. Zile za soko la Ulaya zina lugha saba kwenye orodha, zote za Ulaya. Mwenye maneti hasomi. Anabonyeza X mara tatu nne hadi aone uwanja, na aliye kando yake tayari anauliza kama Adriano anaruhusiwa.