HARAKATI SI FUJO: SOMO KUTOKA MAKKA HADI KAHAWA YETU



Baada ya darsa, kijana mmoja aliniuliza: "Sheikh, hizi harakati si ndiyo fujo zenyewe? Muislamu zinamhusu nini?" Nilimwahidi jibu. Nitalipitisha kwenye kahawa, maana sisi wa Karagwe na Kyerwa kahawa tunaijua.

Fujo ni hasira ya siku moja. Kesho yake kila mtu yuko kwake na hakuna kilichobadilika. Harakati ni watu wenye dhiki moja kutambua kuwa dhiki hiyo si ya mtu mmoja mmoja, wakawekeana ahadi, wakachagua wa kuwasemea, kisha wakadumu hata hasira ilipopoa.

TUANZE MAKKA

Kabla ya utume, mfanyabiashara kutoka Yemen alileta bidhaa Makka. Al-Aas bin Waail, mkubwa wa mji, akazichukua na akakataa kulipa. Yule mgeni hakuwa na ukoo wa kumtetea, akapaza sauti mbele ya watu. Baadhi ya koo za Kureshi zikakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'aan, zikaapa kusimama na kila aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka haki yake irudi. Wakamwendea al-Aas, na mali ikarudi.

Hiyo ndiyo Hilful Fudhuul. Mtume wetu (s.a.w.) alihudhuria akiwa kijana, na baada ya kupewa utume alisema kwamba hata katika Uislamu angeitwa kwenye ahadi kama ile angeitikia. Walioapa siku ile hawakuwa wa dini yetu. Kilichowakutanisha ni jasho la mtu lililoliwa.

SASA TUJE KWETU

Enzi za Mwingereza, Karagwe ilikuwa chini ya Bukoba, na Kyerwa ilikuwa ndani ya Karagwe hadi ilipokuwa wilaya mwaka 2012. Kahawa ambayo mababu waliichemsha, wakaitafuna na kumkaribishia mgeni, ikawa zao la fedha. Penye fedha pakaja kodi, amri na walanguzi.

Mwaka 1924 kikaanzishwa chama cha Bukoba Bahaya Union. Miongoni mwa waliokiongoza walikuwa Klemens Kiiza na Suedi Kagasheki. Yatazame majina hayo mawili. Mkristo na Muislamu walikaa meza moja, kwa sababu mzani wa mlanguzi haukuwauliza dini zao.

Katika miaka ya 1930 Kiiza na wenzake wakaunda chama cha wakulima wa kahawa. Serikali ilipoleta kanuni mpya za kahawa, wakulima waliona kibanja chao kinaingiliwa. Mwaka 1937 wakakataa, nchi ya Bukoba ikachafuka, viongozi wakakamatwa. Mtu wa fujo angeishia hapo, lakini wao hawakuishia hapo.

Miaka ya mwanzo ya 1950 ikaja amri ya kung'oa migomba iliyoingiwa na wadudu. Ninyi mnajua: ukigusa mgomba umegusa chungu cha familia. Akasimama Ali Migeyo, Muislamu, mfanyabiashara wa kahawa, mtu wa African Association. Mwaka 1953 mkutano wake Kamachumu ukavunjwa kwa mabomu ya machozi, naye akafungwa. Mwaka uliofuata, Julai 7, 1954, TANU ikazaliwa Dar es Salaam, na Bukoba ilikuwa imeshajifunza kukutana, kusema na kuvumilia.

Je, matunda yalionekana? Ndiyo. Mwaka 1950 ushirika wa wakulima, BNCU, ulikuwa umeshaundwa. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1965 ikaanza kuwakomboa watwana wa nyarubanja, waliokuwa wakilima ardhi huku mwenyewe ni mwingine. Yaliyokuwa malalamiko ya kunong'onezana yakawa sheria ya nchi. Hivyo ndivyo harakati inavyobadili jamii.

LAKINI KUNA FUNZO LA PILI

Harakati ikishinda huzaa chama, na chama kina maradhi yake. Wanachama huacha kuhudhuria, hesabu haziulizwi, wachache huamua. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, na vilipaswa kujengwa upya. KDCU yetu ni ya mwaka 1990. Jengo na muhuri vinaweza kubaki huku ile ahadi ya mwanzo imekufa.

DHIKI YETU YA LEO: BUTURA

Kahawa ingali ua, mzee ana mgonjwa, mama anadaiwa ada ya shule. Anakuja mtu na fedha kidogo, ananunua mavuno yote mtini. Msimu ukifika, mwenye shamba anachuma kahawa isiyo yake.

Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla hayajaonekana kuwa yamefaa, kwani Allah akiyazuia yasitoke, kwa haki gani mtu amekula mali ya nduguye? Wengine hujitetea kuwa hiyo ni bay'us-salam. Hapana. Salam ni kulipia kabla bidhaa yenye sifa, kipimo na muda unaojulikana, ambayo muuzaji anadaiwa popote atakapoipata. Haifungwi kwenye mibuni ya shamba fulani.

Nasema kwa uchungu: baadhi ya wanunuzi wa butura tunapanga nao safu moja. Na wauzaji tunawacheka kuwa hawana akili, kumbe wana shida. Serikali imekataza, lakini katazo halilipi ada ya mtoto.

Basi tufanye walivyofanya wa Hilful Fudhuul:

1. Tuweke ahadi, msikiti kwa msikiti, kwamba hatununui butura.
2. Tuanzishe mfuko wa qardhul hasan, mkopo usio na riba, na jirani yetu Mkristo awemo.
3. Twende kwenye mikutano ya vyama vya msingi, tuulize hesabu kwa adabu, bila kuchoka.

Kijana wangu, jibu lako ndilo hilo. Migeyo alikwenda jela kwa ajili ya mgomba wa jirani yake. Sisi tunaombwa tu kutomnunulia jirani ua la kahawa.

Allah atupe umoja wa haki na atuepushe na kula jasho la wenzetu. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq.