Massive Attack na Sauti ya Bristol

Muziki wa hip hop ulizaliwa katika mtaa wa Bronx, mjini New York, mnamo mwaka wa 1973. Ulipofika Uingereza miaka michache baadaye, ulifika kama mgeni mwenye lugha yake, na vijana walioupenda waliupokea mzima mzima: mavazi, majina ya kujipachika, mwendo wa mwili, na hata matamshi. Mzaliwa wa Birmingham au wa London aliposhika kipaza sauti ili aghani, aghalabu alitamka Kiingereza kama mtu wa New York. Desturi hiyo haikudumu, na miongoni mwa walioivunja ni kundi la Massive Attack, lililotoka katika mji wa Bristol. Habari ya kuinuka kwa kundi hili ni habari ya watu walioazima sanaa kwa wengine kisha wakaisema kwa ulimi wao wenyewe. Ni habari pia ya mji uliowalea, na mji huo una mambo yake.

Bristol ni bandari iliyo magharibi ya Uingereza, kando ya mto Avon. Baina ya mwaka wa 1698, biashara ya watumwa ilipofunguliwa kwa wafanyabiashara wote wa Kiingereza, na mwaka wa 1807, ilipopigwa marufuku, merikebu za Bristol zilichukua Waafrika wapatao laki tano na kuwapeleka utumwani ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Edward Colston, aliyezaliwa Bristol mwaka wa 1636 na kufariki mwaka wa 1721, alikuwa mmoja wa wakuu wa Kampuni ya Kifalme ya Afrika, iliyoshughulika na biashara hiyo. Sehemu ya mali yake aliitoa kujenga shule na nyumba za wazee maskini. Mji uliikumbuka sadaka, ukasahau chanzo cha fedha. Ukumbi mkubwa wa muziki uliofunguliwa mwaka wa 1867 uliitwa kwa jina lake, na mwaka wa 1895 alisimamishiwa sanamu ya shaba katikati ya mji.

Baada ya vita kuu ya pili, watu wa Jamaika, Barbados na visiwa jirani walihamia Uingereza kutafuta kazi, na wengi wa waliofika Bristol walikaa katika mtaa wa St Pauls. Kazi zilikuwapo, lakini si zote zilikuwa kwao. Kampuni ya mabasi ya mji ilikataa kuwaajiri watu weusi na Waasia wawe makondakta au madereva. Tarehe 30 Aprili, 1963, Paul Stephenson, Roy Hackett na wenzao walitangaza kwamba mabasi hayo yasusiwe. Watu walisusa muda wa miezi minne, hata tarehe 28 Agosti kampuni ikasalimu amri. Ushindi huo haukumaliza dhiki. Tarehe 2 Aprili, 1980, polisi walipoingia kuupekua mkahawa mmoja wa St Pauls, mtaa mzima ulilipuka kwa ghasia. Vijana watakaotajwa hapa walikuwa wamekwisha kuwa na umri wa kuyaona mambo hayo na kuyapima.

Wahamiaji wa Jamaika walikuja na desturi ya mitambo ya sauti: spika kubwa kubwa zilizopangwa kama kabati, mcheza santuri mmoja, na msemaji anayeghani juu ya ngoma huku watu wakicheza. Desturi hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa imefika New York kwa njia nyingine, kwa sababu Kool Herc, ahesabiwaye kuwa mwanzilishi wa hip hop, alizaliwa Kingston, Jamaika, akahamia Bronx akiwa kijana mdogo. Basi hip hop ilipoingia Bristol haikukuta nyumba tupu. Ilimkuta ndugu yake, muziki wa rege, amekwisha kutangulia. Hapo ndipo tofauti ilipoanzia. Mahali ambapo hip hop ilikuwa jambo geni kabisa, watu hawakuwa na la kufanya ila kuiga; Bristol walikuwa na kitu cha kuipima nacho.

Mnamo mwaka wa 1983 Miles Johnson, Grant Marshall na Nellee Hooper walianza kupiga santuri kwa pamoja chini ya jina la The Wild Bunch. Baadaye waliingia Robert Del Naja, Andrew Vowles, na Adrian Thaws, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tricky. Marshall, ambaye wazazi wake walitoka Barbados, aliwahi kufanya kazi katika duka la santuri. Del Naja, ambaye baba yake ni Mtaliana, alikuwa stadi wa michoro ya ukutani. Walipiga katika klabu ya Dug Out, iliyokuwa katika barabara ya Park Row, na katika sherehe za kila mwaka za St Pauls. Santuri zao hazikuwa za namna moja. Rege ilifuatwa na hip hop, hip hop ikafuatwa na nyimbo za Wamarekani weusi za miaka ya 1970, kisha ukaja muziki wa magitaa makali wa vijana weupe. Hadhira ilikuwa ya mchanganyiko kama santuri zenyewe, na katika mji uliowahi kupigania nani aendeshe basi, kukesha pamoja hakukuwa jambo dogo.

Kundi hilo lilitawanyika. Hooper alikwenda London kufanya kazi na kundi la Soul II Soul, na mwaka wa 1988 Marshall, Del Naja na Vowles waliunda Massive Attack. Neno la kwanza la jina hilo lastahili kuangaliwa na wapenzi wa lugha. Katika Kiingereza cha vitabuni ni sifa ya kitu kikubwa mno. Katika usemi wa Wajamaika ni jamaa, umati wa watu wa mahali pamoja. Watatu hao walikuwa jamaa kwa maana hiyo. Hawakuwa na mwimbaji wao, wala hawakujifunza muziki chuoni. Walikuwa wasikilizaji hodari wenye santuri nyingi, nao walifanya usikilizaji kuwa ufundi.

Ufundi huo ulikuwa hivi. Walimega vipande vifupi kutoka katika santuri za zamani, wakavirudiarudia kwa mashine mpaka vikawa msingi, kisha wakajenga juu yake sauti mpya. Wimbo wa “Safe from Harm”, kwa mfano, umesimama juu ya besi na ngoma za “Stratus”, kazi ya Billy Cobham ya mwaka wa 1973. Waimbaji waliwaalika: Shara Nelson, mwenye sauti ya kanisani na ya majonzi kwa pamoja, na Horace Andy, mwimbaji wa rege wa Jamaika aliyekuwa amekwisha kujijengea jina tangu miaka ya 1970. Mwimbaji Neneh Cherry na mumewe, Cameron McVey, waliwasaidia kwa fedha na kwa moyo, na sehemu ya kazi ilirekodiwa nyumbani kwao London. Albamu yao ya kwanza, Blue Lines, ilitoka tarehe 8 Aprili, 1991.

Wakati ule vijana wa Uingereza walikuwa wakicheza dansi za umeme zenye kasi kubwa, usiku kucha, katika maghala na mashambani. Blue Lines ilikwenda polepole. Besi yake ilikuwa nzito kama ya rege, na nafasi baina ya mapigo ziliachwa wazi. Lakini lililowashitua wasikilizaji zaidi lilikuwa ni usemi wenyewe. Del Naja, Marshall na Tricky hawakupaza sauti, wala hawakujigamba kwa ulimi wa New York. Walinong'ona, kama watu wanaozungumza sebuleni usiku watoto wamelala, na walinong'ona kwa matamshi ya Bristol.

Jambo hili si dogo kwa ajuaye hali ya lahaja hiyo. Watu wa Bristol hutamka r mwishoni mwa silabi pale ambapo msemaji wa London huiacha, na wenyeji wa asili huongeza l mwishoni mwa maneno yanayoishia kwa irabu. Jina lenyewe la mji, lililokuwa Brycgstow hapo kale, huelezwa kuwa lilipata l yake ya mwisho kwa njia hiyo. Waingereza wengine wameizoea lahaja ya magharibi kama usemi wa kuchekesha, wa wakulima na wa watu wasiokwenda mjini. Kuitia katika muziki uliotoka New York, tena bila mzaha, kulikuwa ni kuipa heshima ambayo haikupewa kwa kawaida. Wahenga walisema: mkataa kwao mtumwa. Vijana hawa hawakukataa kwao, na sanaa ya kuazima ikawa yao tangu siku ile.

Wimbo uliowafikisha mbali zaidi ni “Unfinished Sympathy”, uliotolewa mwezi wa Februari, 1991, kabla ya albamu. Hapo kwanza sehemu ya fidla ilipigwa kwa kinanda cha umeme. Haikuwaridhisha, na badala yake okestra nzima ilirekodiwa katika studio za Abbey Road, kwa mpango wa Wil Malone. Gharama ilizidi kipimo, na imesimuliwa tangu hapo kwamba iliwabidi wauze gari lao ili walipe. Mwezi huo huo vita vilikuwa vikipiganwa katika Ghuba, na neno la pili la jina lao, ambalo maana yake ni shambulio, lilionekana halifai kusomwa katika redio. Santuri ikatoka kwa jina la Massive tu. Wimbo ulipanda hadi nafasi ya 13 katika orodha ya Uingereza, na albamu nayo ilifika nafasi hiyo hiyo. Vita vilipokwisha, jina lilirudishwa kamili.

Mafanikio yalizaa wafuasi, na wafuasi walizaa jina. Mwaka wa 1994 gazeti la Mixmag lilichapa neno trip hop, na kabla ya muda mrefu neno hilo likabandikwa juu ya kila kazi ya polepole iliyotoka Bristol: Dummy ya kundi la Portishead mwaka wa 1994, Maxinquaye ya Tricky mwaka wa 1995, na kazi za Massive Attack wenyewe. Wenyewe hawakulipenda. Jina la jumla huwafaa wauzaji kwa kupanga rafu, lakini huwapotosha wasikilizaji, maana hufanya ionekane kana kwamba kulikuwa na kanuni, hali kulikuwa na mji na watu wake tu.

Albamu ya pili, Protection, ilitoka mwaka wa 1994, Nellee Hooper akiwa amerudi kufanya kazi nao. Ya tatu, Mezzanine, ilitoka mwaka wa 1998 nayo ikashika nafasi ya kwanza katika Uingereza. Kwa kipimo cha mauzo hicho kilikuwa kilele. Kwa kipimo cha ujamaa ulikuwa mwanzo wa kuvunjika. Del Naja aliuvuta muziki kuelekea magitaa na giza, Vowles hakukubali, na mwaka wa 1999 alijitoa. Marshall naye hakushiriki katika 100th Window, albamu ya mwaka wa 2003, ingawa alirudi baadaye, na jina lake limo katika Heligoland ya mwaka wa 2010. Kundi lililoanza bila kiongozi lilipata nguvu kwa kutokuwa naye, na kwa sababu hiyo hiyo lilipofarakana halikuwa na wa kuamua.

Lakini mahali fulani hawakufarakana. Kwa miaka mingi Massive Attack walikataa kupiga katika ukumbi mkubwa wa mji wao wenyewe, kwa kuwa uliitwa Colston Hall. Walipiga nje, viwanjani, kama katika Queen Square mwaka wa 2003, lakini si chini ya jina hilo. Wako waliouliza kama huku si kukataa kwao. Jibu liko katika historia iliyotangulia kuelezwa. Ulimi wa Bristol ulikuwa mali ya watu wote wa mji, weusi kwa weupe. Jina la Colston lilikuwa heshima ambayo sehemu moja ya mji ilimpa mtu kwa fedha zilizotokana na miili ya mababu wa sehemu nyingine. Waliukubali mji, wakalikataa jina.

Tarehe 7 Juni, 2020, umati wa watu uliangusha sanamu ya Colston, ukaiburuta na kuitupa bandarini. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo ukumbi ulipewa jina jipya, Bristol Beacon. Wasimamizi wake walikuwa wametangaza tangu mwaka wa 2017 kwamba jina la zamani litaondolewa, na waliodai liondolewe walikuwa wengi. Haitakuwa haki kuwapa wanamuziki peke yao sifa ya jambo hilo. Itoshe kusema kwamba walilidai mapema, na walilidai kwa kitu walichokuwa nacho, yaani kwa kutokuwapo jukwaani.

Kuinuka kwa kundi hili hupimwa kwa kawaida kwa idadi ya santuri na kwa nafasi katika orodha. Vipimo hivyo vina mahali pake. Lakini kwa wachunguzi wa lugha kipo kipimo kingine. Mwaka wa 1983 kijana wa Bristol aliyetaka kughani alidhani kuwa lazima kwanza atoke Bristol kwa ulimi wake. Baada ya mwaka wa 1991 hapakuwa na lazima hiyo tena.