Taarifa ya Kasoro za Muundo: Wajibu wa Mkaguzi wa Ujenzi

Kasoro ya muundo ni upungufu katika sehemu ya jengo inayobeba mzigo, yaani msingi, nguzo, boriti, slabu, ngazi au ukuta unaobeba, ambao hupunguza uwezo wa sehemu hiyo au umri wake. Hutofautishwa na kasoro ya umaliziaji, kama kigae kilichoinuka au rangi iliyobabuka, na hutofautishwa pia na uharibifu. Kasoro huzaliwa na jengo. Uharibifu hulikuta jengo limekwisha simama. Ufa waweza kuwa wa aina yoyote kati ya hizo tatu, ndiyo maana neno “ufa” peke yake katika taarifa halina thamani kubwa.

Wakaguzi ni wa namna tatu. Yupo wa mamlaka, anayelinganisha kazi na kibali cha ujenzi na michoro iliyopitishwa. Yupo wa mshitiri, anayekaa saiti kila siku kwa niaba ya mhandisi mshauri. Wa tatu ni wa mkandarasi mwenyewe, anayedhibiti ubora. Wajibu wa kutoa taarifa ni mmoja kwa wote, ingawa wa tatu ndiye mwenye kazi ngumu zaidi, kwa kuwa anayemlipa mshahara ndiye anayeandikwa.

Kwa kufuata wakati wa kuonekana, kasoro zipo za kabla ya zege kumwagwa, za wakati wa kumwaga na za baadaye. Za kwanza ndizo rahisi kurekebisha: nondo pungufu au za kipenyo kidogo, ringi zilizoachana kupita mchoro, maungio ya nondo mafupi, mirunda iliyosimamishwa juu ya udongo mlaini, na biskuti zilizosahauliwa. Biskuti ni vipande vidogo vya zege vinavyoinua nondo ili zisigusane na mbao. Bila hivyo funiko la zege huwa jembamba na kutu hufika mapema, hasa ukanda wa pwani wenye hewa ya chumvi.

Za wakati wa kumwaga ni maji yaliyozidishwa ili zege liteleze, na zege lisilotikiswa vya kutosha. Hili la pili huacha matundu kama sega la nyuki, kokoto zikiwa wazi bila uji wa saruji, mara nyingi kwenye kitako cha nguzo. Mafundi wengi huyaziba kwa plasta asubuhi mbao zinapofunguliwa. Kwa sababu hiyo ukaguzi wa nguzo hupangwa saa ya kufungua mbao. Ukifanywa mchana wake hukuta uso laini wenye rangi ya saruji mbichi, na nyundo ikigongwa hapo hujibu kwa mlio wa debe tupu.

Za baadaye huletwa na maabara au na macho. Kipande cha zege cha majaribio, chenye pande za milimita 150, huvunjwa siku ya 7 na siku ya 28. Majibu ya siku ya 7 ni tahadhari tu, kwa kuwa zege wakati huo huwa limefikia takriban theluthi mbili ya nguvu yake. Majibu ya siku ya 28 ndiyo hukumu, lakini yanapofika, saiti yenye kasi huwa imekwisha kumwaga slabu nyingine juu ya nguzo hiyo. Mkaguzi anayengoja hukumu ndipo aandike huandika amechelewa.

Nyufa husomwa kwa mahali, mwelekeo na mwendo. Ufa wa wima chini ya boriti, katikati ya urefu wake, huashiria kupinda. Ufa wa mshazari karibu na nguzo huashiria kukatika, nao ni wa kuogopwa zaidi kwa kuwa boriti ya namna hiyo huweza kuanguka bila onyo refu. Nyufa za wima katika nguzo, zege likimeguka pembeni, humaanisha nguzo inalemewa. Mtandao wa nyufa nyembamba juu ya slabu iliyomwagwa jana, kwa kawaida, ni jua na upepo. Mwendo hupimwa kwa njia ya kale: kipande cha kioo hubandikwa kwa plasta kikivuka ufa, na tarehe huandikwa kando; kioo kikivunjika, ufa unatembea.

Taarifa kamili ina mahali, kipimo, wakati, picha na hali ya mzigo. Mahali hutajwa kwa mistari ya mchoro: “nguzo C4, ghorofa ya tatu, uso wa kaskazini, sentimita 40 kutoka sakafuni” ni mahali, ilhali “nguzo ya karibu na ngazi” si mahali. Picha huwa na rula ndani yake. Hali ya mzigo hueleza kilichokuwa juu ya sehemu hiyo siku ya ukaguzi, kama mifuko ya saruji iliyorundikwa au slabu ambayo bado imeegemea mirunda. Chanzo hakitajwi kama hakika. Mkaguzi huandika dalili; kutafuta chanzo na tiba ni kazi ya mhandisi msanifu, na mkaguzi anayetoa tiba papo hapo hujitwika dhamana isiyo yake.

Njia za taarifa hupanda kwa uzito: neno la mdomo kwa msimamizi wa saiti, maandishi katika kitabu cha saiti, hati ya kutokidhi viwango, na amri ya kusimamisha kazi. Neno la mdomo halihesabiki mpaka liandikwe siku hiyohiyo. Hatari ikiwa ya papo hapo mpangilio hugeuka: watu hutolewa kwanza, karatasi hufuata. Nakala lazima imfikie mtu mwenye uwezo wa kusimamisha kazi, si yule tu aliyeifanya. Alama ya X nyekundu inayochorwa ukutani katika miji ya Afrika Mashariki si taarifa. Ni tangazo, na haisemi nguzo ipi wala kwa nini.

Mnyororo huo wa wapokeaji hupatikana zaidi katika jengo linaloendelea kujengwa. Jengo la ghorofa lililoanguka Dar es Salaam tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36 lilikuwa la aina hiyo. Lile lililoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 lilikuwa na maduka yanayofanya biashara, na katika majengo ya aina hii ya pili mara nyingi hakuna kitabu cha saiti wala mshauri wa kupelekewa hati. Mpokeaji hubaki mwenye jengo na mamlaka ya mji.

Taarifa hufungwa kwa moja ya njia nne: sehemu imerekebishwa na kukaguliwa upya, imeimarishwa, imebomolewa, au msanifu ameikubali ilivyo kwa hesabu na saini yake. Isiyofungwa huhamia katika orodha ya kukabidhi jengo, na huko husomwa tena katika kipindi cha matazamio, ambacho katika mikataba mingi ni miezi 12.