Njia salama ya kuingiza stima hadi sanduku kuu la nyumba

MWENYE nyumba anapoomba kuunganishiwa stima, aghalabu mawazo yake huwa juu ya mambo mawili: nguzo iliyo karibu na siku ambayo taa itawaka. Njia ambayo nyaya zitapitia kutoka kwenye mita hadi sanduku kuu ndani ya nyumba huachiwa fundi aamue apendavyo, tena mara nyingi baada ya ukuta kupigwa lipu na kupakwa rangi.

Kipande hicho cha waya ndicho kifupi kuliko vyote nyumbani, na ndicho kinachohitaji uangalifu zaidi. Kila waya unaotoka kwenye sanduku kuu, ambalo mafundi huliita konsuma yuniti, kuelekea taa, soketi au jiko hulindwa na breka yake. Waya ukizidiwa au ukigusana na mwingine, breka hiyo hukata stima. Nyaya zinazoingia kwenye sanduku lenyewe hazina mlinzi huyo. Zinategemea fyuzi au breka iliyo upande wa kampuni ya umeme, nayo huwa kubwa mno kuliko zile za ndani.

Tuchukue mfano wa fyuzi ya ampea 60. Kwa volti 240 zinazotumika Kenya, fyuzi hiyo huruhusu takriban wati 14,400 kupita mfululizo bila kukatika. Sehemu ndogo tu ya nguvu hizo ikigeuka joto mahali pamoja, tuseme kwenye waya uliokwaruzwa na msumari, hutosha kuwasha mbao za dari. Breka zote za ndani ya nyumba zitabaki zimewashwa huku moto ukienea, kwa sababu hitilafu imetokea kabla ya kuzifikia.

Ndiyo maana kanuni ya kwanza ni ufupi. Sanduku kuu hufaa kuwekwa karibu iwezekanavyo na mita, ikiwezekana upande wa pili wa ukuta huo huo. Mazoea ya Uingereza, ambayo kwa muda mrefu yamekuwa kielelezo cha mafundi wa Kenya, ni kwamba nyaya za kutoka mita hadi sanduku zisizidi mita tatu hivi. Iwapo umbali unazidi hapo, swichi kuu yenye fyuzi au breka yake huwekwa kando ya mita ili safari yote iliyosalia iwe na ulinzi. Hilo huongeza gharama, lakini si gharama ya kuepukwa.

Mpaka wa wajibu ni mita. Kenya Power, jina ambalo kampuni hiyo ilianza kulitumia mwaka wa 2011, huleta waya kutoka mlingotini na kufunga mita. Yote yaliyo ndani kutoka hapo ni mali na jukumu la mwenye nyumba. Mitambo ya kisasa ya kulipia kabla imefanya mpaka huo usionekane wazi, maana katika nyumba nyingi mita yenyewe imepandishwa juu ya nguzo, naye mteja amebaki na kibonyezo tu ukutani cha kuingizia zile tarakimu 20. Kibonyezo hicho si swichi kuu, wala hakilindi chochote. Nyumba ya namna hiyo bado huhitaji swichi kuu pale waya unapoingia.

Fundi anayefanya kazi hii sharti awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), ambayo chini ya Sheria ya Kawi ya 2019 ilichukua nafasi ya tume iliyotangulia. Leseni hizo zina madaraja, kuanzia C-2 kwa kazi ndogo hadi A-1 kwa mitambo mikubwa. Yeye ndiye hutia sahihi cheti cha nyaya ambacho Kenya Power hukidai kabla ya kuunganisha nyumba. Ni jambo la kusikitisha kwamba vyeti vingine hutiwa sahihi na mtu ambaye hakufika hata langoni, ilhali kazi imefanywa na kibarua wake. Mwenye nyumba ana haki ya kumtaka mwenye leseni aonyeshe uso wake na ajaribu nyaya kwa vifaa vya kupimia kabla ya kutia sahihi.

Tukirudi kwa njia yenyewe, adui mkubwa kuliko wote ni maji. Waya unaotoka mlingotini huteremka kuelekea nyumbani, na mvua huufuata kama inavyofuata mlizamu. Usipolegezwa na kufanywa kitanzi kinachoning'inia chini ya tundu la kuingilia, maji hutambaa juu yake hadi ndani ya paipu na kujaa kwenye sanduku. Kwa sababu hiyo mdomo wa paipu ya nje hupindwa uangalie chini, na kisanduku cha mita huingiliwa kutoka chini au ubavuni. Tundu lililotobolewa juu ya kisanduku ni kosa, hata likizibwa kwa lipu. Baada ya nyaya kupita, midomo ya paipu huzibwa kwa utomvu maalumu ili kuzuia unyevu na pia wageni wasioalikwa: panya, mijusi na nyigu. Mjusi mmoja akinaswa kati ya nyaya mbili anaweza kuiacha nyumba nzima gizani.

Paipu za plastiki nyeusi ndizo zinazotumika sana nchini, na kwa nyumba ya kawaida zinafaa. Za milimita 20 zinatosha kwa taa na soketi. Nyaya nene za kuingia sanduku kuu, ambazo aghalabu huwa za milimita 10 au 16 za mraba, huhitaji paipu ya milimita 25 au 32. Nyaya zisijaze hata nusu ya nafasi iliyo ndani. Paipu iliyoshindiliwa hushikilia joto, na waya wenye joto hubeba stima kidogo kuliko ulioandikiwa. Isitoshe, kuvuta waya kwa nguvu katika paipu iliyobana huchubua mpira wake mahali ambapo jicho halifiki.

Kuna tabia ya kupinda paipu juu ya jiko la makaa. Plastiki hulainika, hupindika, kisha hubonyea pale kwenye kona na kuwa nyembamba kama koo la chupa. Fundi aliyefunzwa hutia springi ndani ya paipu na kuipinda polepole, kona ikawa pana na ya mviringo. Kati ya visanduku viwili vya kuvutia nyaya, kona za mraba zisizidi mbili. Zikihitajika zaidi, kisanduku kingine huwekwa katikati, nacho kibaki mahali kinapoweza kufunguliwa.

Mwambao wa Pwani una shida zake. Paipu ya chuma Mombasa, Malindi au Lamu huliwa na kutu kwa sababu ya chumvi ya hewani, hata ile iliyopakwa zinki haidumu inavyodumu Nakuru. Na kuta nene za mawe ya matumbawe katika nyumba kongwe hazipendi kuchongwa. Ni heri paipu ipite juu ya ukuta, ikishikwa kwa vibanio, kuliko kuubomoa ukuta ili kuificha.

Panapolazimu chuma, waya wa moto na waya wa nyutro sharti vipite ndani ya paipu moja. Vikitenganishwa, kila kimoja katika paipu yake, usumaku wa mkondo hautanguliwi na mwenzake, na chuma chenyewe hupata moto. Kwa nyumba yenye fezi tatu, ambako volti kati ya fezi hufika 415, nyaya zote nne huenda pamoja. Paipu hiyo ya chuma nayo huunganishwa na waya wa ardhini.

Wapo wanaochagua kupitisha kebo chini ya ardhi kutoka langoni ili isionekane. Si wazo baya, almuradi kebo iwe yenye deraya ya chuma na ifukiwe kwa kina cha kutosha: nusu mita angalau penye njia ya miguu, na zaidi ya hapo penye bustani au njia ya magari. Hulazwa juu ya mchanga usio na mawe, ikafunikwa kwa mchanga, kisha kipande cha mkanda wa manjano wenye onyo kikatandazwa juu kabla ya udongo kurudishwa. Mkanda huo ndio utakaomshtua mwenye jembe siku ya kupanda mboga, kabla chuma hakijafika kwenye kebo. Bomba la maji lisishiriki mtaro huo kwa karibu, na waya wa simu au intaneti uwe na paipu yake.

Waya wa ardhini huhesabiwa na wengi kama nyongeza. Fimbo ya shaba hupigiliwa ardhini karibu na mita, mahali penye unyevu ikiwezekana, na waya wake hufuata njia fupi hadi sanduku kuu. Pasipo nao, stima ikivuja kwenye mwili wa jokofu haina pa kukimbilia ila kupitia mtu atakayeligusa. Kifaa cha kugundua uvujaji cha miliampea 30 ndani ya sanduku huongeza kinga hiyo, ingawa hakiwezi kuchukua nafasi ya fimbo. Katika maeneo ya radi nyingi kama Kisii na Kakamega, kizuia mshtuko wa radi hufungwa hapo hapo sandukuni, nacho hakifai kitu bila waya mzuri wa ardhini.

Wenye nyumba wanaotarajia kuweka sola au jenereta wafikirie paipu ya ziada tangu msingi, pamoja na swichi ya kubadilishia chanzo cha stima. Jenereta iliyochomekwa kwenye soketi ya ukutani hurudisha umeme mlingotini, ambako huenda fundi wa kampuni amepanda akiamini kwamba waya umekufa.

Kabla lipu haijapigwa, inafaa kuzipiga picha paipu zote zikiwa wazi, huku utepe wa kupimia ukionyesha umbali wake kutoka kona ya ukuta na kutoka sakafuni. Picha hizo huhifadhiwa pamoja na nakala ya cheti cha nyaya. Atakayetaka kutundika kabati miaka kumi baadaye ataanza kwa kuzitazama.