Kutoka mabega ya wapagazi hadi lobedi: vyuma vizito vilivyopita Ufipa

Nimekuwa kimya kidogo, majukumu ya chumba cha habari si mnayajua. Leo nina habari ya chuma na barabara.

Juzi kati nilikuwa Chala, pale kwenye barabara ya Sumbawanga kwenda Mpanda. Wakati nasubiri usafiri, likasimama lori lililobeba vifaa vya kuchimba visima: mabomba marefu, mnara uliolazwa, na pampu iliyofunikwa turubai. Utingo akaruka chini na jiwe, akalisukuma nyuma ya tairi. Kisha akachukua kipande cha nondo akaanza kuzunguka, anagonga mnyororo mmoja baada ya mwingine. Mmoja ukatoa sauti ya kulegea. Akamwita dereva, wakaukaza, safari ikaendelea. Dakika kumi tu, na hakuna aliyewapigia makofi.

Nikakumbuka kwamba kona hii ya nchi, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ina historia ndefu ya kupokea vitu vizito vikiwa vipande vipande. Na historia yenyewe tumezoea kuisimulia kwa kutaja majina ya wakubwa na vyombo vyao, bila kumtaja mtu kama yule utingo.

Tuanze na miaka ya 1880. London Missionary Society walitaka meli ya mvuke Ziwa Tanganyika. Reli haikuwepo, barabara haikuwepo. Meli ikatengenezwa Uingereza, ikafumuliwa, ikapitishwa Mto Zambezi na Shire hadi Ziwa Nyasa. Kutoka Karonga hadi ncha ya kusini ya Tanganyika kulikuwa na zaidi ya kilomita 300 za nchi kavu, kusini kidogo tu mwa Ufipa. Njia hiyo ilianza kukatwa kwa fedha za tajiri wa Uskoti, James Stevenson, na ikaitwa kwa jina lake. Mhandisi wa kwanza, James Stewart, alifariki 1883. Aliyemfuata, William McEwan, naye akafariki 1885. Mwaka huohuo meli ikashushwa majini, jina lake Good News, yaani Habari Njema.

Sasa fikiria mzigo wenyewe. Mpagazi wa kawaida alibeba kilo kama 30 hivi. Ukiweza kuigawa meli katika kilo 30 thelathini, unahitaji watu wengi tu. Tatizo ni kile kipande kisichogawanyika. Hicho kinataka watu kadhaa kwa pamoja, wenye hatua moja, kwenye njia ambayo haina nafasi ya kupishana. Mmoja akiteleza, wenzake wote wanaubeba uzito wake. Majina ya wahandisi waliokufa tunayo. Majina ya wapagazi hatuna.

Miaka 30 baadaye mambo yalibadilika kidogo. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kiliunda meli ya Graf von Götzen, kisha kikaifumua na kuipakia katika makasha kama 5,000. Makasha yakaja Dar es Salaam kwa meli, yakapanda reli ya kati, na Kigoma ikaunganishwa upya. Ilishushwa ziwani Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe, lakini kwanza wakazipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiibua 1924, chuma kilikuwa bado kinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na kwa miaka mingi watu wa Kipili na Kasanga ndiyo waliyoijua kama usafiri wao.

Kisa cha tatu ndicho kinachonigusa zaidi. Mwaka 1915 Waingereza walitaka kuwang'oa Wajerumani ziwani, wakatuma boti mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja urefu wa mita 12 hivi. Zilikwenda kwa meli hadi Cape Town, kwa treni hadi Fungurume, Kongo, kisha zikavutwa nchi kavu kilomita kama 235 kuvuka milima ya Mitumba. Injini za mvuke zilizozivuta zilikuwa nzito kuliko boti zenyewe. Yakajengwa madaraja zaidi ya 100 ya magogo, na bado mengine yalizidiwa. Maji yakawa haba, wanawake wenyeji wakayabeba kichwani kuzinywesha injini. Kupanda mlima walitumia ng'ombe, injini, na kamba zilizopitishwa kwenye kapi na kufungwa kwenye miti. Ilichukua kama wiki sita. Februari 1916 Mimi ilishiriki kuizamisha Hedwig von Wissmann. Kamanda Spicer-Simson akapata umaarufu. Wale akina mama wa maji wakarudi vijijini kwao.

Utauliza, haya yanahusiana nini na mabomba ya Chala? Yanahusiana sana.

Bonde la Rukwa liko chini ya uwanda wa Ufipa. Sumbawanga iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, Ziwa Rukwa liko kama mita 800. Kilomita nzima ya kimo, na katikati kuna ule ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ilichimba bondeni humo visima viwili vya kutafuta mafuta, Galula na Ivuna, na kile cha Ivuna kilipita mita 2,300 kwenda chini. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham walitangaza kuwa bonde lina gesi ya heliamu. Kampuni ya Helium One ikaanza kuchimba 2021, na mapema 2024 ikatangaza kuipata katika kisima cha Itumbula, upande wa Songwe. Kila mtambo wa namna hiyo hufika ukiwa vipande, kama ilivyofika Habari Njema.

Na kanuni hazijabadilika. Kwanza, gawa uzito. Sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 ya kudhibiti uzito inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi pacha. Kisichogawanyika kinahitaji kibali maalumu na gari la kuongoza msafara. Pili, ijue njia kabla ya mzigo kufika: daraja gani, kona gani, waya gani wa umeme umening'inia. Tatu, linda kipande. Nyuzi za mwisho wa bomba hupakwa grisi na kuvalishwa kofia, kwa sababu nyuzi zikiumia bomba halifungiki tena na lenzake. Nne, na hapa ndipo watu wanapofia, ogopa mteremko kuliko mlima. Bomba moja lenye urefu wa mita tisa lina kilo kama 300. Yakiwa mengi na mnyororo ukalegea, yanaporomoka kama magogo, na breki iliyochemka haiombwi msamaha. Anayepakua naye asisimame upande ambao bomba linaweza kubingirikia, hata kama bosi ana haraka.

Haraka ndiyo adui mkubwa wa haya yote. Mtambo unaosubiriwa kisimani unahesabiwa hasara kila siku, na presha hiyo inashuka ngazi kwa ngazi hadi kwa dereva aliyekesha na utingo asiye na mkataba. Ndivyo ilivyokuwa kwa mpagazi wa 1885: faida inahesabiwa juu, uzito unabebwa chini.

Sisi wanahabari tuna sehemu yetu ya lawama. Mtambo ukizinduliwa tunapiga picha utepe ukikatwa. Lori likipinduka tunaandika "mwendo kasi" na kufunga habari. Nani aliukaza mnyororo? Nani alikataa kushuka usiku? Hatuulizi.

Mimi nimeanza kuuliza. Ukipita Chala ukaona kijana anagonga minyororo kwa nondo, usimpigie honi. Msubiri amalize.

Naomba kutoa hoja.