Kulea chipukizi wa soka: Kila umri na somo lake

MTOTO wa miaka sita hafai kufunzwa soka kama mchezaji wa ligi kuu. Mwili na akili yake hubadilika kadiri anavyokua, na mkufunzi asiyeyatambua mabadiliko hayo huenda akakiua kipaji alichokusudia kukikuza.

Miaka 6 hadi 9

Katika umri huu, mpira wenyewe ndio mwalimu. Mtoto hupewa mpira mdogo wa saizi 3, uwanja mfupi na wenzake wachache ili augusze mara nyingi. Watoto 22 wakiachiwa uwanja mzima, walio wengi hukimbia tu. Nchini Ujerumani, tangu msimu wa 2024/25, watoto wa chini ya miaka 7 hucheza wawili kwa wawili au watatu kwa watatu.

Miaka 10 hadi 12

Hiki ndicho kipindi cha kujifunza ufundi: kutuliza mpira, kupiga chenga na kutoa pasi kwa miguu yote miwili. Mpira huwa wa saizi 4. Ni vyema mtoto abadilishiwe nafasi, leo awe beki, kesho mshambulizi.

Miaka 13 hadi 16

Kubalehe huvuruga mambo. Wasichana hurefuka kwa kasi zaidi wakikaribia miaka 12, wavulana miaka 14. Aliyekuwa mwepesi huanza kujikwaa na magoti kumuuma. Hapo hupunguziwe mazoezi mazito, wala si kutemwa. Makocha wengi hukosea kwa kuchagua waliotangulia kukua, wakamwacha mwenye ufundi ambaye mwili wake umechelewa.

Miaka 17 na zaidi

Sasa huongezwa mbinu za mchezo, nguvu na nidhamu ya nje ya uwanja. Kanuni za Shirikisho la Soka Duniani (FIFA) haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa masharti machache.

Kenya imewahi kuonja matunda ya subira. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilianzishwa Nairobi mwaka 1987. Klabu iliyotokana nacho, Mathare United, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu mwaka 2008.

Adui mkubwa wa ngazi hizi ni udanganyifu wa umri. Kijana wa miaka 19 akisajiliwa kuwa wa miaka 16, humnyima mdogo wake nafasi, naye mwenyewe hufunzwa somo lililokwisha kumpita. Kutokana na hila hiyo, FIFA ilianza kupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine za MRI katika Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 nchini Nigeria, mwaka 2009.

Rekodi za kweli zina faida nyingine. Fidia ambayo FIFA huagiza zilipwe klabu zilizomlea mchezaji huhesabiwa kuanzia mwaka anaotimiza miaka 12. Klabu ya mtaani isiyohifadhi kumbukumbu za usajili huachwa mikono mitupu kijana wake anaponunuliwa ng'ambo.