Kamshafti Ilivyopanda Juu ya Silinda

Katika injini nyingi za kwanza za petroli, kamshafti, yaani mhimili wenye nundu zinazosukuma valvu, ilifungua valvu za kutolea moshi tu. Zile za kuingizia hewa na petroli zilifunguliwa na mvuto wa pistoni ikishuka, kisha springi laini ikazifunga. Injini ikitembea taratibu, mpango huo ulitosha. Ikikazwa mwendo, valvu zilichelewa na silinda zikakosa pumzi.

Mwaka 1901 Wilhelm Maybach aliuacha utaratibu huo. Mercedes yake ya nguvu farasi 35 ilikuwa na kamshafti mbili, moja kila ubavu wa injini, na sasa kila valvu ilisubiri nundu yake. Henry Ford alitaka gari la bei nafuu, kwa hiyo Model T ya 1908 ikapewa kamshafti moja, valvu zote zikiwa upande mmoja. Iliundwa hivyo hadi 1927.

Lakini valvu zikikaa ubavuni, chumba cha mwako huwa kipana chenye pembe, na moto hauenei vizuri. Kuanzia 1904 Buick ilizihamishia juu ya pistoni, huku kamshafti ikibaki chini na kuzisukuma kwa fimbo ndefu. Nazo fimbo zina uzito: kasi ikizidi, haziwahi tena kuifuata nundu. Kampuni ya Maudslay ya Coventry, Uingereza, ilikwisha kuipandisha kamshafti yenyewe juu ya silinda mwaka 1902, ila wachache waliiga.

Waliolisukuma jambo hili mbele kwa kishindo walikuwa madereva watatu wa mbio, Georges Boillot, Jules Goux na Paolo Zuccarelli, pamoja na mchoraji wa mitambo kutoka Uswisi, Ernest Henry. Peugeot iliwapa nafasi ya kufanya kazi kando ya wahandisi wake, na hao wahandisi wakawaita matapeli. Injini waliyoileta mwaka 1912 ilikuwa na kamshafti mbili juu ya silinda na valvu nne kwa kila silinda, zilizoinamishwa ili chumba cha mwako kibane vizuri. Valvu ndogo ni nyepesi, hufunguka na kufunga upesi. Nne kwa pamoja hupitisha hewa nyingi. Naona hakuna uamuzi mmoja uliozaa matunda zaidi katika historia ya injini. Huko Dieppe, katika Grand Prix ya Ufaransa, Boillot akiwa na lita 7.6 aliishinda Fiat ya lita 14. Mwaka uliofuata Goux alishinda mbio za Indianapolis, Marekani.

Mwaka 1914, Grand Prix ya Ufaransa ilipofanyika Lyon, Mercedes zenye kamshafti moja ya juu zilizoa nafasi tatu za kwanza, kwani ufundi wa kuunda ulikuwa na uzito sawa na mchoro. Hata hivyo mchoro wa Henry ulikwisha kuvuka bahari. Huko Los Angeles, karakana ya Harry Miller iliifanyia kazi Peugeot ya mbio na kujifunza kwayo. Katika karakana hiyo ndimo ulimoanzia ukoo wa injini za Offenhauser, ambazo ziliendelea kushinda Indianapolis hadi 1976.